Kijidudu cha Diwani

Diwani hakuwa dume wa kuharakishwa. Wahudumu wa kituo cha mbegu za ng'ombe walimpa jina hilo kwa sababu hakuanza kazi mpaka watu wote wawe wamefika, wamesimama na wamenyamaza, na yeye amewatazama mmoja mmoja. Asubuhi ile, ukungu wa Rungwe ukiwa bado umelalia paa la banda, alimtazama maksai aliyefungwa mbele yake ndani ya fremu ya mabomba, kisha akageuza uso kama mtu aliyepewa ugali wa jana.

"Leo hataki," alisema Ipyana. Alikuwa amekumbatia uke wa bandia kifuani, mpira mrefu uliojazwa maji ya moto, huku akirukaruka kwa baridi. "Mwambie maji yanapoa."

"Mwambie wewe."

"Mimi nikimwambia anajamba."

Nsajigwa Mwaisumo hakucheka. Alichomoa kitambaa kiunoni. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu, na kilishinda ndani ya mkanda wa suruali yake, karibu na ngozi, ili harufu isipoe. Muda mfupi uliopita alikuwa amekipangusa tumboni kwa dume wa banda la pili, pale manyoya yanapolowa mkojo. Akakipeleka puani kwa Diwani. Diwani akakunja mdomo wa juu, akavuta harufu ya dume mwenzake, shingo ikamvimba, akapanda kwa hasira. Ipyana akasogea, akaelekeza, na shughuli ikaisha kabla mtu hajakohoa.

"Ndaga, tata," Nsajigwa alimwambia dume, akimkuna nyuma ya sikio. Asante, baba. Hakuna dume aliyewahi kutoka mikononi mwake bila kushukuriwa.

Ujanja wa kitambaa aliufundishwa na baba yake, aliyefuga madume enzi zile dume alipotembezwa nyumba kwa nyumba kwa kamba. Kituoni kulikuwa na kamera za kuhesabu pumzi za dume na vipimo vya joto la kwato, lakini hakuna mashine iliyokuwa imeweza kumtia dume wivu.

Walikuwa bado wanamfungua maksai pale Dk. Nakiete alipofungua dirisha la maabara. Alikuwa mama wa Kipare, mfupi, mwenye sauti ya kutuliza mbwa. Serikali ilimleta kituoni ng'ombe wa wilaya nzima walipoanza kukataa mimba.

"Mzee Nsajigwa. Njoo, uje ulivyo."

Mezani kwake kulikuwa na mashine waliyoiita Pua. Ilikuwa ndogo kama chupa ya chai. Ukiidondoshea tone la shahawa, ilitaja kila kiumbe hai kilichomo. Kioo chake kilikuwa kimejaa majina mpaka chini.

"Usishtuke na huu urefu," alisema Daktari. "Shahawa safi kabisa haipo. Hata dume aliyeoshwa kwa sabuni anabeba vijidudu vya ngozi, vya mkojo, vya majani anayolalia. Vingi havina neno. Vingine vinakula chakula cha mbegu, mbegu zinakufa njaa. Hivyo tunaviua kwa dawa kabla ya kugandisha. Ila kuna hiki kimoja. Wiki tatu nakifukuzia. Pua haina jina lake, na dawa zote kinazinywa kama uji. Hebu tazama."

Nsajigwa aliinamia darubini. Mbegu za Diwani hazikuwa zikiogelea. Zilikuwa zimenatana vichwa, makundi makundi, mikia ikipiga bila kufika popote, kama watu waliokwama mlangoni kila mmoja akitaka kutangulia.

"Kinatoa ute," alisema Dk. Nakiete. "Ute unazigandisha. Ng'ombe akipandishiwa, hakuna mbegu inayofika. Na siyo Diwani tu, ni madume wote. Kinachonishinda ni hiki: kila mmoja ana banda lake, ndoo yake, chakula chake. Hawagusani hata mkia. Sasa wanaambukizanaje?"

Alikuwa akisema huku akimtazama, na macho yake yakashuka taratibu mpaka kiunoni.

"Hicho ni nini?"

"Kitambaa."

"Kinapita kwa nani?"

"Kwa wote, Daktari."

"Kinafuliwa?"

"Sasa ukikifua kitafanya kazi gani?"

Daktari hakungoja. Alichukua koleo, akakichomoa kitambaa kama mtu anayetoa panya kwenye sufuria, akakikata uzi mmoja na kuutia kwenye Pua. Pua ililia mara moja: kijidudu kilekile kisicho na jina. Nsajigwa aliona masikio yanamchoma. Wanawake walikuwa wanamlilia mabarazani kuhusu ng'ombe zao, naye aliwapa pole, kumbe ugonjwa anao ndani ya suruali.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kitambaa. Kaa kwanza." Alikaa yeye pia. "Mzee wangu, kitu hiki kimeshinda kwenye ngozi yako miezi mingapi? Nataka nikupime na wewe. Na sipimi mate."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alisimama.

"Daktari, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Ningemwomba Ipyana, wilaya nzima ingejua kabla ya chakula cha mchana."

*

Alipewa kichupa na ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo. Miaka yote aliyowachukulia madume mbegu hakuwahi kuwaonea huruma. Siku hiyo aliwaonea.

Aliporudi alikiweka kichupa mezani, kimefungwa ndani ya glovu, akasimama dirishani akijifanya anatazama nyasi. Nyuma yake alisikia kioo kikigusana na kioo, kisha kimya.

"Njoo," Daktari alisema.

Aliinama. Zilikuwa zinakwenda. Hazikuwa nyingi, lakini kila iliyokuwepo ilikuwa na safari yake, ikikata kioo kutoka upande huu hadi ule, ikipotea, nyingine ikitokea.

"Hizi za dume gani?" aliuliza. "Huyu afadhali."

"Ni zako, mzee."

Hakuinua kichwa. Alibaki ameinama, jicho limeng'ang'ania darubini, na Daktari akamwacha.

Mwaka wa homa kubwa kila mtu alikunywa Dawa ya Usafi. Askari walisimama milangoni, na hakuna aliyegoma, kwa sababu majirani walikuwa wanazikwa wawili wawili. Dawa iliua homa. Iliua pia kila kijidudu kilichokuwa kikiishi ndani ya mwanaume, na tangu hapo mbegu za wanaume walioinywa zikalala. Shule ya Lugombo, pale juu ya kituo, ilikuwa na walimu wanne na darasa moja. Nsajigwa na mkewe Subilaga walikwenda hospitali mara nyingi mpaka mlinzi wa getini akawa anawauliza habari za migomba. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: zipo, ila zimelala.

"Ni ute uleule," Dk. Nakiete alisema taratibu. "Za dume ni nyingi kama mchele wa gunia. Ute ukiingia, zinanatana. Zako chache, ziko uchi, Dawa ilizivua kila kitu. Ute unazivika. Nadhani unazilisha pia. Kinachowafunga wao ndicho kinachokufungua wewe."

"Basi zigandishe. Mtungi tunao."

"Nimewaza kabla yako. Baridi inakiua kijidudu, ute unaharibika, na mbegu zikiyeyushwa zimelala palepale. Kukikuza kwenye sahani nimejaribu, hakikubali. Kinataka mwili." Alivua miwani. "Sasa nisikilize. Kesho madume wanapewa walaji, kisha ng'ombe wa vijijini."

Walaji walikuwa virusi aliowakuza mwenyewe kwa shahawa mbichi za madume katika chungu cha kioo pembeni ya jokofu, virusi wasiokula kitu kingine duniani isipokuwa kijidudu kile.

"Jumatatu tunawatazama kama wamesafika," aliendelea. "Siku hiyohiyo kila mhudumu analeta mkojo. Mwenye kijidudu anakunywa kikombe cha walaji palepale. Hakina mzaha hiki, kinakaa mkononi, kwenye nguo, kwenye jasho. Mtu mmoja akibaki nacho akamgusa ng'ombe mmoja, tumerudi tulikoanza. Mpaka anywe, hagusi ng'ombe. Na wewe kuanzia sasa usiingie bandani."

"Nikinywa?"

"Kitaisha. Na zako zitalala."

Daktari alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, akainawa tena.

"Ningeweza kukunywesha Jumatatu pamoja na wenzio bila kukwambia lolote," alisema, bado amempa mgongo. "Usingejua. Ila ni mwili wako."

*

Ipyana alimkuta kwenye bomba la kuoshea buti. Nsajigwa alimweleza yote, kwa kifupi, kwa sababu hakujua kueleza kwa kirefu. Ipyana alisikiliza na buti moja mkononi, maji yanamwagika.

"Kwa hiyo mimi sina?"

"Wewe hukuvaa kitambaa."

"Nilikuwa nakucheka." Akafunga bomba. Alikuwa kijana wa kuoa na kuachwa. Mke wake wa kwanza aliondoka akitafuta mtu mwenye mbegu, kana kwamba wanauzwa sokoni. "Nilikuwa nakucheka kila siku, kaka."

Bandani Diwani alikuwa analia, sauti ya chini, ya kuita.

"Sikia," Ipyana alisema. "Kibofu changu siyo cha serikali. Jumatatu nitajaza vikombe viwili, kimoja chako."

"Pua itajua."

"Pua inajua vijidudu. Mwenye mkojo haimjui."

"Na Diwani?"

"Utavaa glovu."

"Dume ananilamba shingo kila asubuhi, nitaivalisha shingo glovu?"

Ipyana alikuna kichwa. "Usipokuwepo kabisa ndiyo itakuwa nafuu kwake? Unajua sheria ya hapa. Dume asiyetoa hapewi majani, anapewa gari la machinjio. Na kwangu hatatoa, hilo tunalijua wote mpaka maksai." Akamtupia buti lake. "Mimi nimeshasema. Mwamuzi ni wewe."

*

Subilaga alikuwa anamkamua Nangoma. Nsajigwa alisimama nje ya zizi, mikono mfukoni. Kwa kawaida alianza kumsalimia ng'ombe kwa kofi la matakoni, ndipo mke.

"Mwaisumo, umegombana na Nangoma?"

"Hapana."

"Mbona umesimama kama mdai?"

"Zangu zimeamka," alisema. Njia nzima alikuwa akitafuta namna nzuri ya kulisema hilo, na hiyo ndiyo aliyoipata.

"Zipi?"

"Zangu, Subilaga. Nimeziona kwa jicho langu. Zinakwenda."

Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo, kwa haraka zaidi, halafu yakaacha. Subilaga akacheka. Kisha akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Nangoma, mabega yakaanza kutikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama bado ni kicheko. Nsajigwa alitaka kwenda kumshika. Alipiga hatua moja, akasimama. Mke wake alikuwa amelalia ng'ombe, na yeye hakuruhusiwa kufika pale.

"Njoo wewe," alimwita. "Mimi siwezi kuja. Nawa mikono, uje."

Alikuja, mikono inachuruzika maji, naye akamshika, akamweleza yaliyobaki. Alimweleza kitambaa, ute, walaji na Jumatatu. Subilaga alisikiliza macho yakiwa kwa Nangoma. Alikuwa amepandishiwa mara tatu ng'ombe yule, na mara tatu alirudi kwenye joto akilia uwanjani, na Subilaga alikuwa amekesha naye akimsemesha kama mwanamke mwenzake.

"Kwa hiyo aliyemkosesha Nangoma ni wewe."

"Ndiyo."

"Na hichohicho ndicho kinachonipa mimi." Akatikisa kichwa. "Subilaga azae, ng'ombe wa Rungwe wakae tasa."

"Ipyana anasema atanijazia kikombe."

Alitegemea angekataa. Alikuwa ameshajiandaa kukatazwa.

"Mwambie ajaze," alisema Subilaga. "Mwambie ajaze hata ndoo. Nimesubiri vya kutosha."

Subilaga alikuwa anachuja maziwa alipofika Syabumi, jirani wa bondeni, mjane, amemshika mkono mjukuu wake. Mtoto yule, aliyetungwa kabla ya Dawa, alikuwa mmoja tu kwa mteremko mzima, na watu walitoka nje kumsikia akilia. Ng'ombe wa Syabumi alikuwa amekauka. Hakushika mimba, na ng'ombe asiyezaa hana maziwa.

"Nimekuja kuomba tena," alisema Syabumi. "Mniambie kama mmenichoka."

"Leta kikombe, mama."

"Na huyu wenu akikauka, huyu mtoto nitamnyonyesha mimi. Hapa kumebaki ngozi tu, lakini ataibana hivyohivyo." Akajipiga kifuani, akacheka mwenyewe. Mtoto alikunywa palepale amesimama, akarudisha kikombe, akasubiri kuona kama kitajazwa. Subilaga akakijaza.

Walipoondoka alikaa kwenye kigoda, ndoo tupu mapajani.

"Mtoto wetu angekunywa ya nani?" alisema.

Nsajigwa aliitazama njia waliyoondokea.

"Nimekwambia ajaze, na nilikuwa namaanisha. Bado natamani. Lakini siwezi kumbeba mtoto nikapita kwa Syabumi namwangalia usoni." Aliipindua ndoo, akaitazama chini yake kama kuna kitu. "Daktari alisemaje? Usiguse ng'ombe mpaka unywe?"

"Hivyo."

"Na mtu akikaa mahali pasipo na ng'ombe?"

"Mahali gani huko?"

"Nauliza."

"Hakuna mahali hivyo, Subilaga. Mtu ataamka asubuhi afanye nini?"

Asubuhi aliamka akakuta zizi liko wazi. Nangoma hayupo. Alikimbia hadi njiani, akamwona mkewe anapanda kutoka bondeni, mikono mitupu, gauni limelowa umande mpaka magotini. Nangoma alikuwa ng'ombe ambaye baba yake Subilaga alimrudishia kutoka kwenye mahari yake mwenyewe, siku alipoona ameolewa na mtu mwema. Hakuna mtu aliyewahi hata kuthubutu kumuulizia bei.

"Nimempeleka kwa Syabumi," alisema. "Akamue anywe na mjukuu wake. Akizaa, ndama ni wangu."

"Subilaga."

"Mbeya mjini walipiga marufuku mifugo, hata kuku. Dada yangu Tupokigwe ana chumba Mwanjelwa, ghorofa ya tatu, kinakaa bure. Tunahama."

"Nitafanya nini mimi Mwanjelwa?"

"Utabeba magunia sokoni. Utakuwa mume wangu. Kazi hiyo hujaifanya sawasawa, kila siku uko kwa Diwani."

"Na isipowezekana?"

Alimfikia, akasimama mbele yake akihema kwa mlima.

"Isipowezekana tutarudi na mvi zetu, utakunywa kikombe chako, utamkuna ng'ombe mgongo mpaka uchoke. Nitakuwa nimekosa, lakini nitakuwa nimejaribu bila kumwibia mtu. Umesikia?"

Alisikia. Alimvua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga, akamvisha tena. Alikuwa hana kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake.

*

Jumatatu hakuingia getini. Alisimama nje ya uzio wa waya, upande wa barabara, na kikombe chake cha mkojo mkononi, wenzake wakipanga foleni ndani. Ipyana alimwona akamwonyesha vidole viwili kwa siri. Nsajigwa akatikisa kichwa.

Dk. Nakiete alitoka mwenyewe.

"Hiki ni changu, Daktari, cha halali. Usikipime, jibu unalo." Akamweleza uamuzi wa Subilaga.

Daktari alikipokea kikombe juu ya waya, kwa mkono wenye glovu.

"Niliiandika mimi ile amri," alisema. "Nikakaa juma zima nikiwaza njia ya kukusaidia, na hii sikuiona. Sikuwaza kwamba kuna mtu wa Rungwe anayeweza kuishi bila ng'ombe."

"Hata mimi sikuwaza. Ni mke wangu."

"Nguo hizo utazichoma. Buti pia. Na usirudi huku mpaka unywe, hata kwa msiba."

"Hata kwa msiba," alirudia, na hilo lilimchoma kuliko nguo.

"Ukipata mtoto, utakuja kwanza kwangu kabla ya walaji. Kuna milango mingi itataka kujua ulichonacho." Akashusha sauti. "Wangu ukiwemo, mzee. Mume wangu naye zimelala. Lakini safari hii ni yenu. Nendeni."

Ndani ya uwanja Ipyana aliita. Hakuita kwa utani.

Diwani alikuwa amesimama mbele ya maksai, miguu minne ardhini kama nguzo za nyumba. Alikuwa amekunywa walaji, na ilikuwa lazima atoe leo ili ijulikane kama amesafika. Ipyana alikuwa ameshabadilisha maji mara tatu. Jasho lilimtoka na baridi ile yote. Kitambaa kilishachomwa, na nyuma ya banda gari la machinjio lilikuwa limeegeshwa, kwa sababu lilikuja kila Jumatatu, dume awepo asiwepo.

"Hataki, kaka! Ananitazama tu!"

Nsajigwa alishika waya kwa mikono miwili.

"Sogea kushoto kwake," alisema. "Umemzibia. Anataka aone watu."

Ipyana akasogea.

"Diwani," Nsajigwa aliita. "We, Diwani."

Dume aligeuza kichwa. Masikio yakatangulia. Akavuta hatua moja kuelekea uzio, kamba ikamzuia, akalia ile sauti ya chini.

"Siji," Nsajigwa alimwambia. "Usiniite, siwezi kuja. Nasafiri. Huyo hapo ni Ipyana, unamjua, ni mjinga lakini ana mikono mizuri. Usimsumbue. Mimi nipo hapa, natazama, siondoki mpaka umalize. Haya, baba. Haya."

Aliendelea kusema, hivyohivyo, mambo ya hovyo: majani ya jana yalivyokuwa mabichi, mvua itakavyonyesha, jinsi dume wa banda la pili anavyojisifu. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi, isipokuwa mara mbili ilikatika na alikohoa kuirudisha. Diwani alimsikiliza mpaka akatosheka. Kisha akamgeukia maksai, akavimbisha shingo, akapanda.

"Sasa!" Nsajigwa alisema, na Ipyana alikuwa ameshafika. Dk. Nakiete akaipokea chupa, akakimbilia maabara.

Dume alishuka, akasimama akitazama uzio. Alikuwa anasubiri.

"Mkune," Nsajigwa alimwambia Ipyana. "Nyuma ya sikio. Siyo hapo. Chini kidogo. Hapo. Sasa mshukuru."

"Ndaga, tata," alisema Ipyana kwa aibu, na Diwani akafumba macho.

Dirisha la maabara likafunguka kwa kishindo.

"Zinakwenda!" Dk. Nakiete alipiga kelele kama mama aliyeona basi. "Zinakwenda zote, mzee, hakuna hata moja iliyonata!"

Nsajigwa aliachia waya. Ulikuwa umemwachia mistari viganjani. Dereva wa gari la machinjio akawasha injini, akaondoka na gari tupu.

*

Asubuhi ya kwanza Mwanjelwa aliamka gizani, saa ya kukamua, kwa sababu mwili haukuwa umeambiwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akatafuta buti kwa mguu, akakuta saruji. Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi, na mwingine anamtukana mwenye honi. Harufu ilikuwa ya mafuta ya chapati na ya maji ya mtaro. Alisikiliza kwa muda mrefu kama kuna kitu kinachopumua, na kilichopumua kilikuwa mke wake tu.

"Unakwenda wapi?" Subilaga aliuliza bila kufumbua macho.

"Hakuna."

"Basi rudi."

Akarudi chini ya blanketi. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Subilaga aliichukua yote miwili, akailaza juu ya tumbo lake, lililokuwa bado tupu na lina joto la usingizi.

"Ya baridi," alisema, lakini hakuiondoa.

Alimsogelea. Dirisha likapauka, halafu likawa jeupe, halafu jua likaingia lote na kuwakuta bado kitandani, watu wazima wawili wasio na ng'ombe hata mmoja, na hakuna aliyeona haya.